Kijana wa miaka 18 kuendesha gari la nyumbani: bima inakaaje?

Mama_Nzuguni
Habari zenu wadau. Kijana wetu ametimiza 18, yupo kwenye mafunzo ya udereva hapa Dodoma. Gari ni IST, kwa soko la sasa kama milioni 14, lina bima ndogo ya 118,000. Kadi ina jina la baba yake. Je, lazima tumwongeze kwenye bima? Gharama itapanda kiasi gani? Na akigonga, nani analipa?

Wakala_AreaD
Mama, kwetu bima inafuata gari, haimfuati dereva. Kwa kawaida mkataba unamkubali yeyote aliyeruhusiwa na mwenye gari, mradi awe na leseni hai ya daraja linalolingana na gari hilo. Kwa hiyo ile 118,000 (laki moja na VAT ya 18%) haipandi kwa sababu ya kijana. Ila kampuni ikikuuliza nani wataendesha, jibu ukweli na uandike. Ukificha, unawapa sababu ya kukataa madai.

Bima ndogo inamlipa yule mliyemgonga. IST yenu ikikunjamana, mnatengeneza wenyewe. Mkitaka bima kubwa, inayolipia na gari lenu, piga hesabu kwa 3.5% ya thamani, ndicho kiwango mtakachokutana nacho kwa kampuni nyingi kwa gari binafsi: milioni 14 inatoa 490,000, VAT 88,200, jumla 578,200. Tofauti na mnayolipa sasa ni 460,200 kwa mwaka.

Wengine hushusha thamani ili walipe kidogo. Hapo ndipo watu huumia. Ukiandikisha gari la milioni 14 kwa milioni 7, ukapata hasara ya milioni 2, kampuni inaweza kukuhesabia nusu tu, yaani milioni 1, na eksesi bado haijakatwa.

Sasa eksesi yenyewe, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Gharama ya kijana imejificha humo, wala si kwenye bei ya bima. Kabla ya kulipa, omba mkataba wenyewe, usiridhike na stika. Tafuta mistari inayotaja umri wa dereva au leseni yenye muda mfupi. Mikataba mingi inaongeza eksesi kwa dereva wa namna hiyo. Kampuni mbili zinaweza kuwa na bei ileile lakini eksesi ya kijana ikatofautiana sana. Linganisha hapo.

Mkishalipa, hakiki namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima (TIRA). Risiti ya wakala siyo bima, hata ikiwa ya kwangu 😀

Kaka_Trafiki
Naongezea upande wa leseni. Leseni ya kujifunzia ni ya miezi mitatu, na si sawa na leseni kamili. Muulize wakala kwa maandishi kama mkataba unamlinda mwanafunzi akiwa na mwalimu au mzazi pembeni. Kama jibu ni hapana, ajifunzie gari la chuo lenye L mbele na nyuma. Leseni kamili ni 70,000 kwa miaka mitano.

Akiendesha bila leseni akamuumiza mtu, usidhani kampuni itabeba mzigo. Inaweza kumlipa aliyeumia halafu ikamgeukia mwenye gari na kumdai.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa: MZAZI ASIJITAJE KUWA NDIYE ALIYEKUWA ANAENDESHA. Shahidi mmoja wa bodaboda anatosha kuvunja maelezo hayo, na hapo madai yanakufa, tena mnapata kesi mpya ya kudanganya.

Mama_Nzuguni
Asanteni sana. Akigonga, hatua ni zipi? Na marafiki zake wanasema jioni aingie Bolt apate hela ya mafuta.

Wakala_AreaD
Bolt na bima ya gari binafsi haviendi pamoja. Kubeba abiria kwa malipo ni biashara, ina daraja lake la bima na bei yake. Ajali ikitokea akiwa na abiria wa kulipa, madai yanaweza kukataliwa hata kama kosa si lake.

Akigonga: asimame, awashe taa za hatari, aweke pembetatu. Kama kuna majeruhi, wanahudumiwa kwanza, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, inatolewa kituoni. Apige picha za magari yalivyokaa na namba za usajili, achukue na taarifa za bima ya mwenzake. Asikubali kosa wala asiahidi malipo barabarani, maana mikataba inakataza. Taarifa polisi, kisha kampuni siku hiyohiyo. Gari lisiguswe na fundi kabla mtathmini hajaliona. Bampa likishanyooshwa, hakuna cha kutathmini.

Kaka_Trafiki
Kubalianeni mapema nyumbani nani analipa eksesi na faini. Faini za papo kwa hapo ni 30,000 kwa kosa, na zinabaki kwenye namba ya gari, kwa hiyo baba atazikuta. Angalieni deni kwenye mfumo wa polisi kila mwisho wa mwezi.

Miezi sita ya kwanza funguo zirudi kabla ya giza. Njia ya Singida na ya Kondoa usiku ng'ombe na punda wanavuka bila taa yoyote, na ukikutana na lori lenye taa kali huwaoni kabisa.

Mama_Nzuguni
Bolt hapana. Kesho naomba mikataba ya kampuni mbili nisome eksesi.