Samaki wangu wa mapambo, gapi, anakaribia kuzaa, nimtenge?

Wakuu, gapi wangu jike tumbo limejaa hadi limekaa pembe pembe, na lile doa jeusi karibu na mkia limekolea. Nimhamishe?

— Mwache hapo hapo, mkuu. Ukimkimbiza na wavu sasa hivi anaweza kuzaa kabla ya wakati. Ongeza mimea inayoelea, vifaranga wapate maficho, maana wakubwa huwala, hata mama mwenyewe.

— Naunga mkono. Una madume wangapi? Wakizidi, jike hapumziki kabisa. Dume mmoja kwa majike wawili au watatu inatosha. Na hata ukiwatoa wote leo, atazaa tena: jike hutunza mbegu miezi kadhaa.

— Asanteni sana. Maji ni nyuzi 25. Mdomo wa chujio naufunika sponji leo, wadogo wasivutwe.