Mnaouza mafunzo ya macaron kwa vikombe, rudisheni hela za watu

Wakuu, nimekasirika na sitapunguza maneno. Mtu analipia darasa la WhatsApp la kuoka macaron, vile vibiskuti vya Kifaransa vya unga wa lozi na povu la ute wa yai, anatumiwa picha za kuvutia, halafu resipe yenyewe inasema "ute wa mayai matatu, unga wa lozi kikombe kimoja na nusu, sukari ya unga vikombe viwili". Macaron hizo! Siyo chapati, kwamba unga ukizidi utaongeza maji.

Mayai matatu yapi? Ute wa yai dogo la kienyeji unaweza kuwa gramu 25 hivi, wa yai kubwa la kisasa unapita 35. Kwa mayai matatu tofauti ni gramu 30, na karibu zote ni maji. Kikombe cha lozi nacho, aliyeshindilia na aliyemimina tu hawapati uzito mmoja. Ufaransa kwenyewe wanapima kwa gramu, hata ute. Kwa ute gramu 100 unaweka lozi 125 hadi 130, sukari ya unga kiasi hichohicho, na sukari laini ya kupigia povu 90 hadi 100. Basi. Mstari mmoja tu huo, na watu wamelipa hela bila kuupata.

Kilichoniudhi kabisa ni majibu yao. Dada mmoja alituma picha, biskuti zimepasuka juu na lile pindo la chini, ule ukingo wenye vitundu unaozunguka kitako cha biskuti, halijatoka. Akajibiwa, "Mkono wako mzito, rudia." Arudie kwa lozi za nani, kwa bei hii ya lozi? Hakuna aliyemuuliza alizikausha vipi, wala oveni yake ina joto gani. Resipe imeagiza zikae dakika 30 kabla ya kuoka. Huku Dar mwezi wa nne, mvua zinanyesha na hewa imelowa, hata saa nzima juu panaweza kuwa bado panakunata. Mfundisheni mtu kugusa kwa kidole: ikinata, asubiri. Juu pakishakauka, mvuke unasukumia chini na pindo linachanua. Pakiwa pabichi unatokea hukohuko juu, ndiyo hiyo mipasuko. Na oveni zetu nyingi za gesi, kitufe kinasema 150 ndani kuna 180, kwa hiyo kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni kilipaswa kuwa kwenye orodha ya vifaa. Hakipo. Rangi za dukani zipo aina kumi.

Halafu wakafika kwenye karanga. Wanawaambia wanafunzi lozi zikikosekana wasage karanga, "mteja hatajua". Jamani! Karanga ni jamii ya kunde, na kuna watu wanaokula lozi bila shida lakini karanga kidogo tu inawavimbisha koo mpaka wanashindwa kupumua. Wanafunzi hawa wanaokea wateja, wanapeleka kwenye harusi na sherehe za watoto. Mtu anaweza kufa kwa ushauri huo, na umetolewa na mwalimu aliyelipwa.

Niliomba mambo mawili: resipe iandikwe upya kwa gramu, na lile la karanga lifutwe mbele ya wanafunzi wote. Nikaondolewa kwenye kundi siku hiyohiyo.

Sasa nataka hela yangu. Na wewe uliyefundishwa kutumia karanga, tafadhali waambie wateja wako leo kilichomo ndani.