Shule za msingi za Katoliki zifundishe watoto habari za mwili na mahusiano, au iachiwe familia?

Wadau wa Moshi na Arusha habari zenu, naileta hii mada huku maana kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya Kanisa hapa Moshi mjini ilizuka ikafungwa haraka haraka kwa sala bila jibu. Kuna mzazi alipendekeza watoto wa darasa la nne mpaka la saba wawe na kipindi kila wiki cha afya, mwili unavyobadilika, urafiki, kuonewa na wenzao, na namna ya kumkatalia mtu mzima anayetaka kuwashika sehemu za siri. Wengine wakawaka, eti hiyo ni kazi ya nyumbani, mambo ya Wazungu hayo, shule ya masista ifundishe katekisimu na hesabu basi.

Msimamo wangu: kifundishwe, na shule ya Katoliki ndo ilitakiwa iwe mbele kuliko zote.

Hili la kusema Kanisa limekataza naomba tuliache jamani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima) mwaka 1965, kwenye tamko lake la elimu ya Kikristo, unasema watoto kadiri wanavyokua wapewe elimu ya jinsia iliyo njema na yenye busara. Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1981 akaeleza kwamba haki na wajibu huo kwanza ni wa wazazi, na hata ikifanyika shuleni wazazi ndo wawe waangalizi. Papa Fransisko naye 2016 akairudia. Sasa mkatoliki anayesema shule inyamaze kabisa hiyo kaitoa wapi?

Tuje kwenye "kazi ya nyumbani". Nakubali, ila nyumbani nani anaifanya? Zamani kulikuwa na shangazi na bibi, mtoto wa kike akikaribia kuvunja ungo ameshakalishwa chini akaambiwa. Saivi shangazi yuko Dar, bibi yuko Kibosho mtoto anamwona Krismasi, na hiyo Krismasi nyumba imejaa wageni hakuna wa kumkalisha mtu chini. Halafu mkoa wetu huu umejaa shule za bweni. Waraka wa serikali wa Machi 2023 ulizuia bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne, kwa hiyo waliobaki bwenini ni la tano kwenda juu, yaani umri ule ule wa hedhi kuanza na sauti za wavulana kukatika. Miezi mitatu mtoto yuko na matroni, wewe mzazi unamwona siku ya kutembelea masaa machache mnakula chipsi kuku pale kwenye nyasi, hapo ndo utamfundisha? Binti anaona damu darasani anadhani anaumwa, anafunga sweta kiunoni, wavulana wanacheka. Hao wavulana wanacheka kwa sababu na wao hakuna aliyewaambia kitu, ndo maana nasema wafundishwe wote, sio mabinti peke yao wanaitwa pembeni na sista kana kwamba wamefanya kosa.

Na kitabu cha Sayansi kinataja UKIMWI na mfumo wa uzazi tayari, mtoto anachora mchoro anapata vema, lakini hakimwambii afanye nini akiguswa na mjomba, au na dereva wa skuli basi, au na mtu yeyote tunayemheshimu. Hapa ndo naumia zaidi. Mtoto asiyeweza kusema ameguswa wapi hata ukimpeleka dawati la jinsia polisi ataishia kulia tu. Ajue kutaja mwili wake bila aibu, ajue kuna namba 116 ya kusaidia watoto, ajue siri ya namna hiyo haitunzwi hata kama aliyeomba itunzwe ni mtu wa Kanisa.

Hofu ya wazazi sio ya kijinga. Februari 2023 waziri wa elimu Mkenda alipiga marufuku vitabu kadhaa shuleni kwa sababu ya maadili, na tangu hapo mzazi akisikia somo jipya anashtuka. Dawa ni notisi zote za somo wazazi wazione kabla hazijaingia darasani. Uingereza tangu Septemba 2020 kila shule ya msingi inayogharamiwa na serikali, za Katoliki zikiwemo, lazima ifundishe mahusiano na afya, na shule inatakiwa kuwashirikisha wazazi kwenye sera yake. Kule mzazi anaweza kumtoa mtoto kwenye sehemu ya ngono lakini sio kwenye mahusiano. Sisemi tunakili, ila huko kushirikisha wazazi tukuchukue.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Aliyesema mtoto akijua atajaribu: ndugu yangu, mtoto anajua tayari, kafundishwa na simu ya kaka yake na vijana wa kijiwe cha bodaboda. UNESCO walipopitia tafiti kwenye mwongozo wao wa 2018 waliona elimu hii haiwasukumi vijana kuanza mapema. Najua wengine UNESCO hamuiamini, basi angalia mtaani kwako mabinti waliopata mimba kama walikuwa wamefundishwa chochote.

Aliyeuliza kuhusu kondomu: sijaomba hilo kwa mtoto wa msingi. Mafundisho ya usafi wa moyo na ndoa yabaki pale pale, hiyo ndo shule ya Katoliki. Naomba hedhi, ndoto nyevu, usafi, mipaka ya mwili, hasira, urafiki. Na asifundishe padre wala katekista peke yake, awe mwalimu wa darasa aliyepewa semina, nesi wa kituo cha afya aje kila muhula, maana mwalimu mwenye aibu atasoma ukurasa mbio mbio kengele ilie.

Wenye watoto kwenye shule za Kanisa ambazo zinafundisha tayari, iwe Arusha au huku, tuambieni nani anasimama darasani, darasa la ngapi wanaanza, na je nyie mlionyeshwa notisi kabla?