Msaada: mashua yangu inatoka vinundu kwenye FreeCAD, nakosea wapi?

MtotoWaMwambao:
Asalaam aleikum wakuu. Nina wiki tatu tangu nianze kujifunza FreeCAD, programu ya kuunda maumbo ya 3D kwenye kompyuta, toleo la 1.0. Vitu vya pembe nimeshaviweza: kikasha, kiegemeo cha simu, hata bawaba moja ilifunga na kufungua. Nikajiona fundi.

Sasa ami yangu anaunda mashua huku Nungwi, nikataka nimtengenezee mfano mdogo wa kuprinti kwa printa ya 3D awe anawaonesha wateja. Mashua ni mita 9, nikiipunguza mara 50 inakuwa sm 18, na printa niliyoazima inachukua mm 220, kwa hiyo inaenea bila kukatwa.

Nilipima upana na kina kila baada ya nusu mita, tezi (nyuma) hadi omo (mbele). Nikapata skechi (michoro bapa) 19, kila moja nimeichora kwa splaini, yaani mstari wa kupinda, ya nukta 12 hivi, kisha nikaziunganisha zote kwa lofti, amri inayovuta umbo moja kutoka skechi hadi skechi. Kilichotoka ni gunia la mihogo. Ubavu mzima mabonde na vinundu, na kule omo umbo limejisokota kama nguo inayokamuliwa. Nikiongeza nukta nirekebishe, ndiyo linazidi. Naombeni msaada.

Chachandu:
Ami anaunda kwa jicho na kamba inakaa sawasawa majini, wewe una kompyuta unatoa mihogo 😂 Mpelekee tu hivyo hivyo.

Fundi_Randa:
Mkuu, achana na Chachandu. Tatizo lako umelitaja mwenyewe: "nikiongeza nukta linazidi".

Hiyo splaini unayoichora kwenye kioo, zamani ilikuwa ufito mwembamba wa mbao. Wachoraji wa meli huko Ulaya waliupinda juu ya karatasi, wakaushikilia kwa vipande vizito vya risasi, wakapitisha kalamu ubavuni mwake. Ndiko jina lilikotoka. Sasa fikiria: ufito ukiushika sehemu nne, unajipinda wenyewe kwa ulaini, maana mbao haipendi kupinda zaidi ya inavyolazimishwa. Ukiushika sehemu 12, na kila sehemu umekosea unywele mmoja, unapinda huku na kule kama nyoka. Nukta zako 12 zimebeba makosa 12 ya tepu, na umeiamuru splaini iyapitie yote.

Fanya hivi. Kati ya skechi 19 bakisha tano: ya tezi, ya katikati penye upana mkubwa, moja kila upande wa hiyo ya katikati, na moja karibu na omo. Kila skechi iwe na nukta nne, ukizidi sana tano. Na utumie ile bi-splaini inayovutwa na nukta za pembeni, usitumie inayolazimishwa kupita juu ya kila nukta. Vipimo vyako vingine usivifute, viweke pembeni vya kukagulia.

Mama_Skechi:
Hapo kwenye kujisokota: kila skechi lazima iwe na idadi ile ile ya vipande, na zote zianzie mahali pamoja. Ukianzia mkukuni (uti wa chini wa mashua) hii, nyingine ukaanzia juu, lofti inaunganisha mguu na bega. Anzia mkuku kila mara, panda mpaka ukingo wa juu.

Halafu mwanangu, kwa nini unachora mashua nzima? Chora nusu, kisha iakisi. Mashua ina mkuku, kwa hiyo mshono wa chini hautakusumbua. Ingekuwa bakuli ningekwambia uhakikishe mstari unaufikia mshono ukiwa na pembe mraba nao, la sivyo unabaki na mfereji katikati.

Dira77:
Skechi tano ni chache, Fundi. Kati ya skechi na skechi lofti inabuni tu. Achore na mistari ya kwenda urefu, ukingo wa juu na tumbo, kisha atumie nyongeza ya Curves, ile sura (uso wa umbo) ya Gordon inayofuata mistari ya pande zote mbili.

Fundi_Randa:
Ni kweli, na mimi ndivyo ninavyofanya. Lakini mistari hiyo isipogusana barabara sura inagoma, na huyu ana wiki tatu. Aanze na tano, akiona pengo aongeze ya sita.

MtotoWaMwambao:
Nimeweka pembeni 14 roho ikiniuma, nilizipima juani. Lakini umbo limelainika, wallahi! Sasa nitajuaje ni laini kweli kabla ya kuprinti?

Mama_Skechi:
Washa kitana cha mpindo kwenye splaini. Yatasimama meno juu ya mstari: panapopinda sana meno ni marefu, panapopinda kidogo ni mafupi. Yanatakiwa yapande na kushuka taratibu. Yakiruka upande wa pili mahali usipotarajia, hapo pana kinundu hata kama jicho halijakiona.

Kisha fanya afanyavyo ami yako: anachutama tezini, anafumba jicho moja, anatazama ubao kwa urefu. Zungusha modeli uitazame hivyo hivyo.

MtotoWaMwambao:
Kitana kimenionesha viwili, nimevitoa. Ila nikitaka iwe na uwazi ndani, ukuta wa mm 2, programu inakataa kwa maandishi mekundu.

Dira77:
Ni kule omo. Mpindo wa pale ni mkali kuliko mm 2, ukuta wa ndani hauna pa kugeukia, unajikata wenyewe. Punguza mpaka mm 1.2, au uache mwili mzima na uchimbe uwazi kwa skechi nyingine isiyofika omo.

MtotoWaMwambao:
Nimechimba, imekubali. Nimemwonesha ami kwenye simu. Ametazama kimya, akaniuliza, "Hii omo nani kakwambia imelala hivi? Itakunywa maji hii." Kumbe skechi ya tano niliisogeza nyuma nilipokuwa natoa kinundu. Narudi kuchora, na safari hii yeye amekaa pembeni yangu.