Ukoo wa Chumbageni: kliniki ya Mama Alhamisi

*Jumatatu usiku*

Zuhura: Asalam aleikum nyote. Shikamoo Mama, shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi. Nimepima presha ya Mama sasa hivi, 174/98. Nikamkalisha kimya dakika tano, mkono juu ya meza, nikarudia: 170/96.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Vidonge anakunywa?

Zuhura: Nilimuuliza akanyamaza. Nikafungua mkebe. Vya sukari vimepungua, ila amlodipini, ile dawa ya presha, imejaa vilevile kama ilivyotoka famasi.

Salim (Maskati): Mama shikamoo. Mbona hukutuambia?

Mama: Marahaba wanangu. Nimeacha, wiki ya tatu hii. Miguu ilikuwa inavimba, kandambili haziingii. Jioni ukibonyeza kidole kinazama. Nikaona niviache kabla havijaniharibia figo.

Shangazi: Pole wifi yangu. Ndiyo maana nilikwambia unywe maji ya choya na kitunguu saumu.

Mama: Nakunywa, asubuhi na jioni.

Zuhura: Na daktari ulimwambia kuhusu miguu?

Mama: Nimwambie saa ngapi? Benchi zima limejaa watu, naye anaandika tu. Aliniuliza naendeleaje, nikasema salama. Akaandika dawa zilezile nikatoka.

Mjomba Hamisi: Dada yangu, nisikilize. Mimi na sukari tunaishi pamoja mwaka wa 19 huu. Miaka ya mwanzo nami nilikuwa nasema salama. Lakini daktari ananiona robo saa kwa mwezi, siku zote zilizobaki nipo na ugonjwa wangu mwenyewe. Sasa fikiri: wewe umeacha dawa, yeye hajui. Alhamisi atapima akute presha iko juu. Ataona dawa imeshindwa, atakuongezea dozi. Ukianza kuimeza hiyo dozi kubwa, miguu ndiyo itavimba zaidi.

Mama: Hilo sikuliwaza.

Salim: Mfamasia wa hapa ninapochukua dawa zangu anasema amlodipini inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu, hasa dozi ya miligramu 10. Anasema dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Kumbe kuna njia, Mama.

Zuhura: Ila miguu kuvimba huweza kutokana na moyo au figo pia. Tusijipe jibu sisi, daktari aitazame.

*Jumanne*

Zuhura: Nimempigia nesi wa kliniki. Kasema Mama aje Alhamisi na vidonge vyote kwenye mfuko, hata ambavyo hanywi. Lakini kichwa kikimuuma sana, kifua kikibana, au upande mmoja wa mwili ukilegea, tusingoje Alhamisi, twende saa hiyohiyo.

Shangazi: Na choya aiseme? Si dawa ya hospitali.

Mjomba Hamisi: Aiseme. Choya nayo huweza kushusha presha, daktari lazima ajue vinakutana na nini tumboni.

Zuhura: Nimeomba ruhusa kazini. Nitaingia naye nimweleze daktari kila kitu.

Mjomba Hamisi: Ingia naye, ila usimsemee. Mwenye miguu ni yeye.

Mama: Hapo umenena Hamisi. Zuhura, niletee lile daftari lako la zamani na kalamu.

Mjomba Hamisi: Andika presha asubuhi na jioni. Andika na jambo ulilofanya kinyume, hilo ndilo lenye faida. Kuna Ramadhani nilifunga kimyakimya huku nameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari. Alasiri nikaanza kutetemeka, jasho jembamba, maneno hayatoki. Kupima, sukari 2.9. Wakanifuturisha kwa maji ya sukari. Daktari alivyosikia hakunigombeza. Alibadilisha dawa, akanifundisha kwamba ikishuka chini ya 3.9 nafungua, hata magharibi ikiwa imebaki nusu saa. Tangu hapo naenda kumuuliza mwezi mzima kabla ya mfungo. Ningesema mapema nisingefika kule.

Shangazi: Na sisi siku ile ulituambia ni uchovu.

Mjomba Hamisi: Niliwaficha. Nisameheni.

*Jumatano usiku*

Mama: Nimeandika. Leo asubuhi 168/96, jioni 172/94. Maswali yangu ni matatu. Kwanza, miguu hii ni dawa au ni figo? Pili, kile kipimo cha damu cha sukari ya miezi mitatu, mara ya mwisho kilitoka ngapi, maana sikuambiwa. Tatu, nani atanikagua nyayo? Kidole gumba kimepoteza hisia.

Zuhura: Mama, hilo la kidole hukuwahi kulisema.

Mama: Hakuna aliyeuliza. Sasa nitalisema la kwanza.

*Alhamisi mchana*

Mama: Tumerudi. Nilipokaa tu nikafungua daftari, nikasema daktari, nina mambo manne na moja ni kosa langu. Akaweka kalamu chini. Nikamwambia nimeacha kidonge. Akauliza kwa nini, nikamwonyesha miguu. Kausikiliza na moyo, kaitisha kipimo cha figo na cha mkojo. Kanibadilishia dawa ya presha, sasa ni losatani. Nirudi baada ya wiki mbili kupima tena figo na potasiamu, kwa sababu ya hiyo dawa mpya. Sukari ya miezi mitatu ilikuwa asilimia 8.4, anataka tuishushe karibu na 7. Nyayo kazigusa kwa uzi mgumu, nikifumba macho niseme nimehisi wapi. Kwenye kidole gumba sikuhisi. Kwa hiyo kutembea peku sasa basi, hata uani, na kila usiku nikague nyayo kwa kioo.

Salim: Alhamdulillahi. Mama, nitakutumia mashine mpya ya sukari kwa mtu anayekuja wiki ijayo.

Mama: Usinunue mashine, mwanangu. Ninazo mbili, hazina stripu za kuwekea damu. Tuma stripu. Na usichukue zozote tu, za kampuni moja haziingii kwenye mashine ya nyingine.

Salim: Basi nipigie picha ya mashine zote mbili.

Mama: Moja tu, hii ya kijivu. Nyingine nimempa wifi yangu. Anasema tangu mwaka jana ana kiu usiku na hajawahi kupima. Kesho asubuhi, kabla hajanywa chai, naenda naye kliniki.