Ameweka kikombe juu ya daftari langu, akasema kupewa taarifa ndiko kushauriwa!

Ndugu zangu, nimetoka barazani sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Tulikuwa tukibishana kama marais wa Marekani huomba kweli ushauri wa viongozi wa Bunge kabla ya kuamua mambo ya vita, au huwapa taarifa tu. Yule bwana tunayemjua sote, ambaye akishakaa hakuna mwingine anayemaliza sentensi hata miaka mia ipite, ameweka kikombe chake cha kahawa katikati ya ukurasa niliokuwa ninausoma, akaniambia: "Mdogo wangu, waliitwa, wakaelezwa; basi walishauriwa." Juu ya daftari langu!

Ukurasa wenyewe ulihusu tarehe 22 Oktoba 1962. Rais Kennedy alikuwa akijadiliana na watu wake wa karibu kuhusu makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Cuba tangu tarehe 16, na uamuzi wa kukizingira kisiwa kwa meli ulikwisha kupita. Ndipo viongozi wa Bunge la Marekani, ambao baadhi yao walichukuliwa likizoni kwa ndege za jeshi, walipoingizwa Ikulu saa 11 jioni, ilhali hotuba kwa taifa ilikuwa saa 1 usiku. Maseneta Russell na Fulbright walitaka Cuba ivamiwe, mpango haukubadilika. Huko ni kumwita mjomba pilau likiwa limekwisha kupakuliwa, kisha kumwambia kwamba alishirikishwa katika posa. Nilipofungua kinywa kulisema hilo, alikizungusha kikombe, na duara la kahawa likatanda juu ya jina la Fulbright.

Jibu la 1: Pole, lakini nani huacha daftari wazi mbele ya mtu yule?

Jibu la 2: Yeye amekosa adabu, nawe umekosa mfano. Ungemtajia tarehe 3 Aprili 1954, Dulles, waziri wa mambo ya nje, alipokutana na wabunge na maseneta wanane kuhusu Dien Bien Phu, ngome ya Wafaransa iliyozingirwa huko Vietnam, wakakataa Marekani iingie vitani bila washirika kama Uingereza, na Rais Eisenhower hakuingia. Hayo ndiyo mashauriano.

Jibu la 3: Kila siku 1954! Mbona Vandenberg hatajwi, seneta wa chama pinzani, ambaye mwaka 1948 Lovett, naibu waziri wa mambo ya nje wa Rais Truman, alimfuata hadi nyumbani kwake, wakaandaa azimio lililofungua njia ya NATO? Jambo hili linaniudhi kuliko kikombe chochote.

Jibu la 4: Truman huyo huyo aliwaita viongozi wa Bunge tarehe 27 Juni 1950, akiwa amekwisha kuagiza ndege na meli zisaidie Korea Kusini. Usimpambe.

Mwanzisha uzi: Na daftari langu je?

Jibu la 3: Subiri kidogo, ndugu. Tumalize Korea kwanza.