Mjadala: Mbakaji huongozwa na tamaa au na ubabe?

Habari ya ubakaji ikitoka tu, utasikia: alivaa nini, alifuata nini kule usiku, kwani hakunywa pombe? Maswali yote hayo yanatokana na imani kwamba mbakaji ni mtu aliyezidiwa na tamaa. Naipinga imani hiyo, na nawaomba wanaoishikilia wanijibu kwa hoja.

Mtu aliyezidiwa hachagui. Mbakaji huchagua. Hutafuta faragha, husubiri wakati wake, na mara nyingi humlenga yule ambaye hata akisema hatasadikiwa: mtoto, mfungwa, mkimbizi, mfanyakazi wa ndani, mwenye ulemavu wa akili. Mbele ya aliyemzidi cheo au nguvu, hiyo tamaa isiyozuilika huzuilika vizuri kabisa. Na wanabakwa watoto wachanga, bibi wa miaka 80, wanaume magerezani. Vazi gani linaeleza hayo?

Tarehe 2 Septemba 1998, mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wanawake wa Kitutsi waliokimbilia ofisi zake kutafuta usalama walibakwa papo hapo, naye akaruhusu na kuchochea. Majaji walisema ubakaji, kama yalivyo mateso, hutumika kutisha, kudhalilisha, kuadhibu, kumtawala mtu au kumwangamiza. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kuuhesabu kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Najua jibu linalokuja: hiyo ni vita, nyumbani ni tofauti. Wapo pia wataalamu, kama mwanabiolojia Thornhill na mwanaanthropolojia Palmer katika kitabu chao cha mwaka 2000, waliodai kwamba chanzo ni msukumo wa kimaumbile wa kujamiiana. Sikatai kwamba ashiki inaweza kuwepo. Lakini ashiki haielezi kwa nini mtu aendelee baada ya kuambiwa hapana, au baada ya kuona mwenzake analia. Hapo ameshaamua kwamba matakwa yake ndiyo sheria na ya mwenzake si kitu. Mume anayemlazimisha mkewe hufanya uamuzi huohuo.

Hata upande wangu una hatari moja, na hili linanisumbua zaidi. Tukishasema "ni ukatili," watu hutafuta majeraha. Nguo haikuchanika, hakupiga kelele, basi alikubali. Wengi waliobakwa husimulia kwamba mwili uliganda, sauti ikakataa kutoka. Mwaka 2003, katika kesi ya M.C. dhidi ya Bulgaria, iliyomhusu msichana wa miaka 14, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema dola haiwezi kudai ushahidi wa kupigana ndipo iadhibu ubakaji. Mwaka 2018 Sweden ilibadili sheria yake: kinachoulizwa ni kama mtu alishiriki kwa hiari. Mwalimu anayetoa alama za mtihani, bosi mwenye kazi, askari mwenye funguo za mahabusu, hawahitaji kuinua ngumi. Cheo chao kinatosha, na sheria inayohesabu michubuko tu inawaacha waende zao.

Kwa hiyo nawauliza mnaosema ni tamaa, hasa mnaopendekeza wabakaji wahasiwe: yule anayemwingilia mtu kwa chupa au kipande cha mti, mtamponya nini?